Watu wa Dobi Hawako Tayari

Kitu kilichomchefua Shangazi mwaka ule kuliko taulo lenye rangi ya kucha ni bango. Walilitundika Jumatatu asubuhi mlangoni mwa chumba cha kufulia, bila hata kubisha hodi. Lilikuwa refu kama mlango wenyewe, limejaa picha za majani, na katikati herufi kubwa: UTUMISHI WA KIJANI, JE, UKO TAYARI? Na lilikuwa la plastiki. Hebu fikiria, watu wanakuja kukufundisha kutunza mazingira huku wamekumbatia plastiki ya futi saba. Shangazi alilitazama juu mpaka chini, akasonya, akaingia ndani kufungulia maji.

Kila mtu pale hotelini alimwita Shangazi, kuanzia walinzi wa getini mpaka wapishi. Lakini shangazi wa damu alikuwa wa mtu mmoja tu, na mtu huyo mmoja ndiye aliyeleta bango. Tutamfikia, asiwe na haraka.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko, chini ya ngazi za wafanyakazi. Kulikuwa na mashine tatu, mojawapo ikizunguka inatetemesha sakafu mpaka miguu inawasha, boila moja kongwe, meza mbili ndefu za kupasia, na nje uani kamba za kuanikia, kwa sababu Shangazi hakuamini mashine ya kukaushia wakati jua lipo na halidai umeme. Watu kumi na mmoja walifanya kazi chini yake. Pembeni mwa mashine kulikuwa na matangi mawili, na matangi hayo yalikuwa fahari yake. Maji ya suuzo la mwisho, ambayo ni safi kiasi cha kunawia uso, hayakuachiwa yaende mtaroni. Yaliingia tangini, na mzigo uliofuata ukaanza nayo. Alibuni jambo hilo mwaka ambao bomba lilikauka siku nane, na bomba liliporudi hakuona sababu ya kuliacha. Hakuna aliyempongeza, na yeye hakungoja pongezi.

Jingine lililokuwa lake ni namba. Kila shuka lililotoka kambani lilipewa namba, ikashonwa pindoni kwa uzi mwekundu. Moja ni shuka jeupe, zima, la kumtandikia mgeni. Mbili lina kialama kisichoonekana kitanda kikishatandikwa. Tatu linakwenda vyumba vya wafanyakazi wa zamu. Nne linafunika meza za kupasia. Tano limekwisha, linakatwa madekio. Hakuna kilichotupwa. Miaka ilivyopita namba zile zilitoka kwenye mashuka zikaingia midomoni mwa watu. Wahudumu wa vyumba walisalimiana nazo: "Umeamkaje?" "Moja kabisa." Mama Pacha, aliyekuwa akikunja taulo, watoto wake wakimkeshesha kwa homa, alikuja asubuhi anasema, "Leo msiniguse, mimi ni tano."

Sasa huyo mwenye bango. Alikuwa binti wa kaka yake Shangazi, na toka utotoni aliitwa Chiriku kwa vile mdomo haukumtulia. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka saba, kaka mtu akaoa tena, na huko kwa mama wa kambo mambo yakawa hayaendi. Shangazi, ambaye hakujaaliwa mtoto, akamchukua. Akamsomesha kwa mikono hii hii ya kufua. Likizo za shule Chiriku alishinda pale pale chumba cha kufulia, kwenye kigoda karibu na dirisha, akishona namba pindoni. Alimaliza chuo, akaajiriwa hoteli ile ile, ghorofa ya tatu, Afisa Utumishi, bado yumo kwenye miezi ya majaribio. Siku ya kwanza alipopita uani amevaa viatu vya kisigino, watu wa dobi waliacha kazi kumtazama. Shangazi alijifanya anahesabu foronya, lakini kichwa kilikuwa kimevimba kwa furaha, na kwa nini kisivimbe?

Jumatano wakaitwa mafunzoni. Fulana za kijani, kila mtu na yake. Maji ya chupa za plastiki, kila mtu na yake. Chiriku alisimama mbele akaeleza kwamba siku hizi mfanyakazi hapimwi kwa kufika mapema na kutii tu. Atapimwa pia kwa namna anavyotunza maji, umeme na karatasi, na atakayefanya vizuri atapandishwa. Lakini kwanza lazima ijulikane nani yuko tayari na nani hayuko tayari. Kwa hiyo kutakuwa na fomu. Alizungumza vizuri, huwezi kumnyima lake. Pasi, yule kijana mrefu mwembamba aliyeitwa hivyo kwa sababu ya kazi yake, alimnong'oneza Shangazi, "Huyu wako anapiga maneno kama redio." Shangazi akamwambia anyamaze asikilize.

Fomu yenyewe ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulieleza namna ya kujaza: moja maana yake siko tayari kabisa, tano maana yake niko tayari kabisa. Ukurasa wa pili ulikuwa na maswali kumi na manne. Basi ofisi ya utumishi ikakaa kikao, ikaona karatasi ni nyingi, miti inakatwa, ikaamua kuchapa ukurasa wa pili tu. Maelezo yangetumwa kwenye simu za watu, kwenye kundi la wafanyakazi. Ni wazo zuri, ila ofisi hiyo hiyo ndiyo iliyopiga marufuku simu ndani ya chumba cha kufulia, na zilikuwa zimefungiwa kabatini toka alfajiri. Fomu zikaletwa saa sita mchana, mvuke umejaa, mzigo wa ghorofa nzima unangoja, na mletaji amesimama mlangoni anazitaka papo hapo.

"Shangazi," Pasi aliuliza, "hapa wanasema, niko tayari kupunguza matumizi ya maji kazini. Halafu kuna moja mpaka tano. Tuzungushe ipi?"

"Wewe maji unayatunza au huyatunzi?"

"Nayatunza kila siku iendayo kwa Mungu."

"Basi jipe namba unayostahili, uniache nifanye kazi."

Pasi akazungusha moja. Mama Pacha akazungusha moja. Wote kumi na mmoja, na Shangazi wa kumi na mbili, swali la kwanza mpaka la kumi na nne, moja, moja, moja. Isipokuwa Mzee wa Boila. Huyo ni mtu mwaminifu kupita kiasi, na magoti yalimsumbua. Alipofika kwenye swali la kupanda ngazi kwenda mafunzoni aliona si haki kujisifu, akazungusha mbili. Wakarudisha fomu wakicheka, na mashine zikaendelea. Jioni walipofunguliwa simu zao, maelezo yalikuwa yameshafukiwa na ujumbe mwingine, na hakuna aliyeyatafuta.

Wiki tatu baadaye barua ikashuka.

Aliisoma Mama Pacha kwa sauti, amesimama katikati ya mapipa ya mashuka. Ilisema tathmini ya utayari imekamilika. Kati ya idara tisa, idara ya dobi imekuwa ya mwisho, kwa wastani wa moja nukta sifuri moja kati ya tano. Mfanyakazi aliyeonyesha utayari angalau kidogo alikuwa mmoja tu, wa boila. Kwa kuwa wafanyakazi wa idara hiyo hawako tayari kuendana na utumishi wa kijani, menejimenti inakusudia kuikabidhi kazi ya kufua kwa kampuni ya nje kuanzia mwisho wa mwezi. Tangazo rasmi lingetolewa kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, Ijumaa.

Mashine ya tatu ilikuwa inazunguka, hakuna aliyekwenda kuizima. Wanamwagiwa unga, kazi hakuna tena, watu kumi na wawili kwa mpigo. Mzee wa Boila alikaa juu ya pipa la sabuni. Alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu, na nani angemwajiri mzee wa magoti mabovu? Mama Pacha aliikunja barua, akaikunjua, akaikunja tena, kama taulo. "Sisi?" alisema. "Sisi ndio hatujui kutunza maji?"

Na kampuni yenyewe ya nje waliijua, nani asiyeijua? Malori yake ya dizeli yalikuwa yakipita barabarani yanatapika moshi mweusi, na maji yake ya sabuni yalimwagwa kwenye mtaro uliopita nyuma ya nyumba za watu, mpaka povu likawa linaingia barazani. Hao ndio waliokuwa kijani. Shangazi aliona kifua kinapanda joto.

Lakini aliichukua barua akaisoma mwenyewe, polepole, na alipofika kwenye moja nukta sifuri moja kati ya tano akasimama. Akairudia. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyepona, mpaka wenzake wakadhani amechanganyikiwa.

"Wameisoma kichwa chini," alisema. "Kwao wao tano ndiyo shuka la mgeni. Sisi tumejipa moja, wao wanaona madekio. Jamani, ni kosa tu. Nakwenda juu kwa mwanangu sasa hivi, jambo hili linaisha kabla maji hayajachemka."

Alipanda ghorofa tatu na aproni yake ikiwa na maji. Ofisi ya Chiriku ilikuwa na baridi ya mashine na harufu ya mazulia mapya. Chiriku alisimama kwa heshima, akamwamkia, akamvutia kiti. Shangazi alieleza yote, huku bado ana kicheko shavuni: mashuka, namba, fomu isiyo na maelezo, mzee wa watu na magoti yake. Alimaliza, akangoja mwenzake acheke.

Chiriku hakucheka. Alipanga kalamu mezani.

Mtu akisikia habari mpya uso wake hufanya kitu, hata kidogo. Uso wa Chiriku haukufanya kitu. Shangazi aliuosha uso huo miaka na miaka kwa kiganja chake, akauona umetulia, na kile kicheko kikamfia mdomoni.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Shangazi, ripoti imeshakwenda."

"Sikukuuliza ripoti. Nimekuuliza kama ulikuwa unajua."

Chiriku alitazama mlango kama umefungwa. "Nilipoziona fomu zote zina moja, nilijua. Si mimi niliyekuwa nashona namba hizo? Lakini nifanyeje? Meneja Mkuu alishaanza mazungumzo na ile kampuni, alikuwa anatafuta idara ya kutolea mfano. Ripoti aliipenda, akanisifu mbele ya wakuu wenzake. Nirudi sasa nimwambie nilichapa fomu nusu, kwamba kazi yangu ya kwanza kubwa nimeivuruga? Niko kwenye majaribio, Shangazi. Wataniondoa."

"Kwa hiyo waondoke wao."

"Wewe huondoki," Chiriku alisema haraka, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. "Wewe nimeshakupangia. Kutakuwa na nafasi ya Balozi wa Kijani, ya kuzunguka idara kuhamasisha watu. Kazi nyepesi, hakuna mvuke, hakuna kubeba. Hata Meneja Mkuu amekubali. Kwa hiyo nyumbani hakuna kitakachopungua."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Shangazi aliyeshinda ndani ya nguo maisha yake yote hakuwahi kudhani msemo huo una siku utamhusu. Hasira yake haikuwa ya kelele. Ilimkaa kwenye mikono, akaikunja ndani ya aproni isije ikafanya jambo.

"Mzee wa Boila," alisema mwishowe, "ulipougua surua ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka zahanati, maana mimi nilikuwa zamu. Mama Pacha alikupa viatu vya kwendea shule ya sekondari, vilivyokuwa vyake. Hao ndio unawauza ili usikemewe? Usikemewe tu?"

"Shangazi, tafadhali, punguza sauti."

"Sijaipandisha bado. Sikiliza. Leo Jumanne. Nakupa mpaka Ijumaa. Utasimama mwenyewe kwenye mkutano, kwa mdomo wako huo niliousomesha, useme fomu zilikosewa zirudiwe. Ukisema mwenyewe, ni kosa la kazi, watu watacheka, yataisha. Usiposema, nitasema mimi."

Alishuka ngazi. Kule chini wakamzunguka, wakamuuliza, naye akawaambia kosa limeeleweka na litasahihishwa Ijumaa. Hakuwaambia mengine. Aliona aibu, na aibu ile ilimzidishia hasira, kwa nini aone aibu yeye wakati mwenye kosa amekaa kwenye baridi na zulia? Mzee wa Boila alimshukuru Mungu kwa sauti. Pasi akaimba. Shangazi akamwambia aimbe akiwa anafanya kazi.

Siku mbili zile nyumbani walikaa kama wapangaji. Chiriku alitoka mapema, akarudi, akala, akafunga mlango wa chumba chake. Shangazi hakumsemesha, maana aliyoyataka kuyasema alikuwa ameshayasema, na kurudia ni kubembeleza. Ila kila alipomsikia anakohoa au anafungua kabati, alijiambia, anajiandaa. Mtoto huyu si mbaya. Anaogopa tu. Ijumaa atasema. Alhamisi jioni alipotoka kuoga alikuta mezani fulana mpya ya kijani, imekunjwa vizuri, mgongoni imeandikwa BALOZI. Aliiacha hapo hapo mezani akaenda kulala bila kula.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wapishi na kofia zao, wahudumu wa vyumba, walinzi, bustani, mapokezi, watu karibu mia mbili, na Meneja Mkuu mbele kabisa ameketi na miwani yake. Watu wa dobi walikaa safu moja, wamevaa fulana za kijani wote, wamependeza masikini, wanangoja kusafishwa jina.

Chiriku alisimama. Ukutani ikatokea picha ya nguzo tisa za rangi, nane ndefu na moja fupi kama kisigino. Alitaja idara moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye ile fupi, alikunywa maji. Shangazi aliegemea mbele. Sema, mwanangu. Sema sasa, ni sentensi moja tu.

"Idara ya dobi," Chiriku alisema, macho yamegandia ukutani, "imeonyesha upinzani mkubwa dhidi ya mabadiliko. Kwa bahati mbaya, hawako tayari."

Akabadilisha picha.

Shangazi alisimama. Hakuinua mkono, hakuomba nafasi. "Samahani, Bwana Meneja. Fomu ile ilikosewa. Tulipewa ukurasa wa maswali bila ukurasa wa maelezo. Sisi namba zetu zinakwenda kinyume na zenu. Moja kwetu ndiyo bora kuliko zote. Tumejipa alama za juu kabisa, mkazisoma kama za chini kabisa. Naomba fomu zirudiwe."

Minong'ono ikaanza. Meneja Mkuu akamgeukia afisa wake. Hapo Chiriku alikuwa na nafasi ya pili, Mungu shahidi. Angesema, kweli, nadhani kuna kosa, tutaangalia. Hakuna ambaye angejua zaidi. Badala yake alitabasamu, lile tabasamu la watu wa mapokezi.

"Maelezo yalitumwa kwenye simu za wafanyakazi wote, Bwana Meneja. Huyu ni shangazi yangu, ninamheshimu sana. Ila ni mtu mzima, mambo haya ya kisasa yanamchanganya kidogo. Ndicho hasa tunachokiita kutokuwa tayari."

Wachache walicheka. Safu ya watu wa dobi haikucheka. Mama Pacha alimshika Shangazi upindo wa fulana, labda kumketisha, labda kumtia nguvu, lakini Shangazi alikuwa ameshavuka mahali pa kuketishwa.

"Yananichanganya," alisema. "Sawa. Basi nitauliza wasiochanganyikiwa." Akaugeukia ukumbi. "Nyie wahudumu wa vyumba. Moja ni nini?"

Mwanamke mmoja kutoka nyuma akajibu, "Shuka la mgeni."

"Na tano?"

Safari hii walijibu wengi, hata wapishi, hata walinzi: "Dekio."

Ukumbi ukaangua kicheko, na hicho hakikuwa kicheko cha kumcheka yeye. Meneja Mkuu alivua miwani. Alimwita fundi mkuu aliyesimama ukutani, akamuuliza mita ya maji ya dobi inasemaje. Fundi alijikuna kichwa, akasema ukweli ni kwamba ile ndiyo mita pekee ambayo haijapanda miaka sita, kwa sababu ya matangi, na kwamba aliwahi kuandika hilo kwenye taarifa yake lakini hajui kama kuna aliyeisoma. Meneja Mkuu akageuka mwekundu masikioni. Alikuwa anakaribia kuitangazia hoteli nzima kwamba anaifunga idara iliyokuwa inafanya kile anachokihubiri, na watu mia mbili walikuwa wanamtazama.

"Mama," alimuuliza Shangazi, kwa sauti ya chini lakini maikrofoni ilikuwa wazi, "afisa wangu alilijua jambo hili kabla ya leo?"

Chiriku alimtazama Shangazi. Uso ule wa mapokezi ulikuwa umeanguka, umebaki ule wa mtoto wa miaka saba aliyevunja kitu cha watu. Shangazi alikuwa ameuficha uso huo mara ngapi? Alimdanganya mwalimu mkuu kwa ajili yake. Alimdanganya kaka yake. Aliwahi kujisingizia mwenyewe kuvunja kioo cha jirani. Neno moja tu, "hapana", na kila mtu angekwenda nyumbani salama: dobi ingebaki, na huyu angebaki. Lakini alikuwa amesikia "mtu mzima, yanamchanganya," na alikuwa amewaona wale kumi na mmoja wakikaliwa kichwani na mtu waliyemlea pamoja. Na zaidi ya hayo, hakuwa tayari tena kumfulia.

"Alijua," alisema. "Nilimwambia Jumanne, na kabla ya Jumanne alikuwa anajua."

Meneja Mkuu alisema kampuni ya nje haijasaini chochote, fomu zitarudiwa zikiwa kamili, na dobi iendelee na kazi. Kisha akamwambia afisa amfuate ofisini. Walitoka kwa mlango wa pembeni, yeye mbele, Chiriku nyuma amebeba karatasi zake kifuani.

Jioni kaka mtu alipiga simu. Hakusalimu. "Dada, umemmaliza mtoto. Wamemwachisha kazi leo leo. Umesimama mbele ya watu mia mbili ukammaliza mtoto wetu kwa ajili ya watu baki."

"Mtoto wetu," Shangazi alisema. "Toka lini? Ada yake ya shule ulikuwa unaileta kwa njia gani, kwa ndoto?" Akamtolea uvivu wa miaka ishirini, yote, mpaka kaka akakata simu. Alisimama na simu mkononi, akijisikia vizuri kabisa, kama mtu aliyepakua mzigo.

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, begi liko miguuni. Alikuwa amelia, lakini sasa hakulia.

"Nakwenda kwa rafiki yangu," alisema. "Sijaja kugombana, Shangazi. Najua nimekosa. Nina swali moja tu. Ningekuwa mtoto uliyenizaa mwenyewe, ungesema?"

Shangazi alifungua mdomo. Alikuwa na maneno siku nzima, maneno ya Meneja, ya kaka, ya kila mtu. Alitafuta jibu la huyu akalikosa, na Chiriku alisubiri kwa adabu, kama alivyofundishwa, akaona halipo. Akabeba begi akatoka. Mlango aliufunga taratibu.

Asubuhi, Shangazi alipofika kazini, wote kumi na mmoja walikuwa wamejipanga uani. Mama Pacha alipiga kigelegele. Pasi alitandaza shuka jeupe chini apite juu yake kama bibi harusi, na Mzee wa Boila alisimama kwa magoti yake mabovu, anapiga makofi, machozi yanamtiririka, anamwita mama.

"Nani kawatuma?" Shangazi alifoka. "Nimewauliza, nani kawatuma? Okota shuka hilo chini, wewe, linachafuka. Mmeona mzigo wa ghorofa ya pili umejaa vile, mmesimama mnapiga makofi? Makofi ya nini?"

Mama Pacha alitaka kusema neno, akamtazama usoni, akaacha. Wakaingia ndani mmoja mmoja wakapakia mashine, na Shangazi akabaki uani, ameshika kamba ya kuanikia kwa mikono miwili, akijitafutia jibu.